Vigae vya Katani na Chokaa ya Krismasi

Mama yangu hakuuawa na mvua. Nasema hili kwanza kwa sababu kwenye msiba wake walisimama watu wenye suti wakaisingizia mvua, na mmoja wao akamsingizia na Mungu. Mvua ya huku kwetu juu, karibu na msitu, inanyesha tangu enzi za mababu na haijawahi kumwangukia mtu ikamvunja shingo. Kilichomvunja mama shingo ni paa. Paa lile lilitengenezwa na watu, likasifiwa na watu, na walipoambiwa kwamba limekufa kwa ndani, watu walewale wakaagiza lipakwe chokaa lipendeze.

Majina siweki. Binti yangu, ambaye ndiye aliyesoma kwetu, ameniambia nikiweka majina nitaitwa mahakamani, na mimi na mguu huu sina haja ya kupanda ngazi za mahakama. Naweka vyeo. Mwenye cheo chake atajijua, na majirani watamjua zaidi.

Miaka ile bati lilikuwa kitu cha kibali. Duka la ushirika lilikuwa na kaunta ndefu na rafu tupu, na ukisikia bati limekuja, ujue limeshakwisha kabla hujavaa viatu. Marehemu baba alimwachia mama nyumba ya matofali ya kuchoma, nyumba nzuri tu, lakini juu ilikuwa nyasi na majani makavu ya migomba. Masika yakianza, mama anasukuma kitanda kutoka kona hii kwenda ile, na anacheka.

"Hiki kitanda kimetembea kuliko mimi," anasema. "Kesho kitanipita kwenda Moshi mjini."

Ndipo ukaja mradi wa vigae. Mratibu wake alikuwa mtu wa kwetu kabisa, aliyepata kipaimara kanisani kwetu, akaenda kusomea ufundi na kurudi na kofia ya plastiki ya njano. Jumapili moja ibada ilipokwisha alisimama nje ya kanisa na kigae kipana kama mlango, chenye mawimbi kama bati, rangi ya kijivu. Akakiweka juu ya magogo mawili, akamwita mama mmoja mnene apande. Mama yule akapanda, akarukaruka kidogo, watu wakapiga makofi.

"Mkonge si upo kule tambarare?" akauliza mratibu. "Saruji si tunachoma wenyewe hapa nchini? Sasa tunalilia bati la nini? Katani inaishika saruji kama nyasi inavyoushika udongo wa ukuta. Hiki kigae wajukuu zenu watakirithi."

Karakana ilijengwa chini ya barabara kuu, upande wa Kwa Sadala, mahali pakavu penye vumbi jekundu. Wakatuchukua sisi akina mama. Kazi yetu ilikuwa kukata katani vipande vya urefu wa kidole, kuivuruga na saruji, mchanga na maji, kuitandaza juu ya nailoni kama unavyotandaza unga wa chapati, halafu kuivuta taratibu ilalie kwenye kalibu ya mawimbi. Saruji ilitula mikono. Jioni nilikuwa nashindwa kumenya ndizi, vidole vimepasuka kama ardhi ya kiangazi. Hatukulalamika, maana miaka ile mwanamke wa kijijini kuwa na kazi yenye lango na mlinzi lilikuwa jambo la kutembelea kifua mbele.

Paa la kwanza huku juu alipewa mama yangu. Msifikiri ni huruma. Nyumba yetu iko kwenye mteremko, ukiwa kwenye njia ya kanisani unaiona yote, na mratibu alitaka paa lake lionekane. Basi nyasi zikashushwa, zikapandishwa mbao nene za kubebea paa, kenchi na papi, kwa sababu vigae vile vilikuwa vizito. Mama alikaa uani akaangalia mafundi mpaka jua likamgeukia. Usiku wa kwanza mvua ilinyesha na hakusogeza kitanda. Asubuhi akaja kwangu, nyumba ya pili tu, akaniambia, "Mwanangu, nimelala kama maiti." Namkumbuka alivyolisema, anacheka.

Mwaka wa pili wa karakana alikuja kijana mmoja kutoka chuo kikuu Dar, anasomea uhandisi, ametumwa na wafadhili afanye utafiti. Alikuwa mwembamba, ana miwani iliyofungwa kwa uzi, na kazi yake ilikuwa matundu. Sisi tukampa jina hapohapo: Bwana Matundu. Anakuja asubuhi, anakata kigae kwa msumeno, anakichungulia kwa kioo cha kukuzia, anaandika, anatikisa kichwa.

"Bwana Matundu, leo umeona ngapi?" anamwuliza mwenzangu mmoja, mjane mwenye ulimi.

"Nyingi, mama."

"Huyu mtoto aozeshwe haraka. Mwanaume mzima anashinda anachungulia matundu ya saruji!"

Tukacheka mpaka tukamwaga mchanganyiko. Na yeye akacheka. Hakuwa na majivuno, hilo nampa. Alipoona tunataka kujua, alituonyesha. Alikata vikonyo vya majani ya mpapai, ile mirija tuliyokuwa tunapulizia utotoni, akavipanga vimelala vimebanana ndani ya sanduku la mbao lililotobolewa pande mbili.

"Uzi mmoja wa katani ukiuona kwa darubini uko hivi," akasema. "Si kamba iliyojaa. Ni mirija midogo midogo imeshikana, na ndani ni tupu. Kwa sababu ni tupu, unapinda, haukatiki. Sasa tazameni."

Akamwaga maji ya chokaa upande mmoja. Yakatoka upande wa pili kwa kasi. Akaacha sanduku juani likauke, akamwaga tena. Akafanya hivyo siku nyingi, anapima maji yaliyotoka na muda yaliotumia. Kila mara yalichelewa zaidi. Mimi ndiye niliyekuwa namshikia ndoo, kwa hiyo niliona kwa macho yangu: mwanzo yanatoka kama mkojo wa ng'ombe, baadaye kama wa mbuzi, baadaye yanadondoka tone, tone. Mwisho alichomoa kikonyo kimoja, mdomo wake umezibwa na kitu cheupe. Akakipinda. Kikakatika kama biskuti.

Jioni moja alichora duara mavumbini, na ndani yake duara dogo, na jingine dogo zaidi.

"Wenzangu waliofanya hesabu ya kwanza," akaniambia, "walipima tundu siku ya kwanza, wakaandika upana wake, basi. Wakafanya kama vile tundu litabaki vilevile mvua zote. Lakini maji yakiingia yanaingia na chokaa ya saruji, yakikauka yanaiacha. Mvua ijayo inakuta tundu lingine, jembamba kuliko lile. Inabidi uhesabu tundu upya kila mvua. Ukihesabu hivyo, ile miaka ya wajukuu inakuwa si ya wajukuu tena."

"Inakuwa ya nani?"

"Ya hawahawa waliopo."

Mimi niliishia darasa la nne, na nilielewa. Naomba msomaji alikumbuke hilo, maana baadaye mratibu alisema mambo yale yalikuwa ya kitaalamu mno, wanakijiji wasingeelewa.

Bwana Matundu alikwenda ofisini kwa mratibu mchana kweupe, mlango uko wazi, na sisi tuko barazani tunakula.

"Sasa kijana," sauti ya mratibu ikasikika, "tundu likiziba si ndiyo vizuri? Si ndiyo kigae kinakuwa jiwe?"

"Ndiyo, mzee. Kinakuwa jiwe."

"Sasa tatizo nini? Watu wanataka paa la jiwe!"

"Jiwe jembamba hivyo, refu hivyo, halibebi uzito wake. Kinachobeba ni katani, na katani haipo tena. Ipo kwa jina. Na huko juu ni hatari zaidi, asubuhi ukungu, mchana jua, jioni mvua. Kinalowa na kukauka kila siku. Huku chini mlikokijaribu ni pakavu, ndiyo maana hamkuona kitu."

Kisha mratibu akasema kwa sauti ya chini, lakini mjane mwenzangu ana masikio: "Wewe andika yako huko chuoni upate digrii yako. Hapa usinitishie watu."

Na yeye akafanya hivyohivyo. Hapo ndipo namshtaki hata yeye, Bwana Matundu, na upole wake wote. Siku ya kuondoka aliniita pembeni, nyuma ya rundo la mchanga.

"Mama yako anakaa juu kule karibu na msitu?"

"Ndiyo."

"Usimwache akae chini ya lile paa muda mrefu."

"Mbona huwaambii wote?"

Akaangalia viatu vyake. "Nitaandika kwenye ripoti."

Akapanda basi. Sijamwona tena. Nasikia ni profesa. Alijua kila tundu linavyojifunga, na aliyoyajua akayanong'oneza kwa mwanamke mmoja nyuma ya rundo la mchanga, kana kwamba ananitongoza. Nyumba nyingi za huku zilikuwa zimeshaezekwa. Angesimama nje ya kanisa dakika moja tu, pale mratibu aliposimama na kigae chake, avunje kimoja mbele ya watu.

Nilimwambia mama jioni ileile. Alikuwa anachambua maharage.

"Paa limekufa?" akauliza. "Mbona halivuji?"

"Mama, halivuji kwa sababu limeziba. Likiziba ndiyo linakatika."

"Wewe mtoto. Kitu kikivuja kibaya, kisipovuja kibaya. Mnataka nini?"

Ungemjibuje? Maisha yake yote ubaya wa paa ulikuwa kuvuja. Na si yeye tu. Huku kwetu kila mtu alifikiri hivyo, na mratibu alijua tunafikiri hivyo, na hapo ndipo alipotushika.

Maana nyufa zilianza. Nyembamba, kama unywele, zikifuata mawimbi ya kigae. Watu wakaenda karakana kuuliza. Mratibu akapita nyumba kwa nyumba na kofia yake, akatangaza dawa: kila mwaka kabla ya Krismasi, paa lipakwe maji mazito ya chokaa. Chokaa itaingia kwenye nyufa, itaziba, kigae kitapata nguvu mpya. Na mifuko ya chokaa akaitoa karakana, bure.

Nani angekataa? Desemba ndugu wote wanapanda kutoka Dar, kutoka Arusha, kutoka kila walikokwenda kutafuta, na kila boma linataka kupendeza. Watu walikuwa wanapaka chokaa mawe ya njia na mashina ya miti. Sasa wakapaka na mapaa. Krismasi ile ukisimama barabara kuu ukitazama mlimani, unaona mapaa meupe katikati ya migomba kama mashuka yameanikwa. Wapwa zangu waliposhuka kwenye basi walipiga kelele: "Kwa bibi kunang'aa!" Mama akafurahi kama bibi harusi. Na kila mwaka paa likaongezewa mkono mwingine wa chokaa. Tulikuwa tunalinywesha lile paa kitu kilekile kilichokuwa kinaliua, tunalinywesha kwa ndoo na brashi, tena tunaimba.

Mimi nilipinga. Nilimwambia mratibu mbele ya watu, kwenye mkutano wa usharika wa kugawa chokaa.

"Bwana Matundu alisema chokaa ndiyo inayokatisha katani."

"Dada yangu," akajibu anatabasamu, "Bwana Matundu ni nani? Tuonyeshe jengo moja alilojenga."

Watu wakacheka. Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, mzee wa ukoo wetu, mtu ninayemwamkia na kumwita baba, akanikata jicho. "Binti, mradi umekupa kazi, umempa mama yako paa. Una nini wewe?"

Baada ya mkutano ule sikuitwa tena karakana. Walisema kazi zimepungua.

Na kweli zilikuwa zimepungua, maana ilikuwa miaka ya soko huria na mabati yamejaa. Moshi mjini yamepangwa nje ya maduka ya wafanyabiashara kama magazeti, ya bluu, ya nyekundu, ya kijani, hayana kibali wala foleni. Mratibu alijenga nyumba mpya upande wa Sanya Juu. Nilipita na gari la mizigo nikaiona kwa macho yangu. Aliezeka bati jekundu. Mtu mwenye karakana ya vigae, anayegawa chokaa ya kuponya vigae, aliezeka bati! Nilimwonyesha utingo wa lile gari, akasema, "Mama, mpishi mjanja hali chakula chake." Nikacheka na machozi yananitoka.

Hapo nikaamua paa la mama lishuke, liwe liwalo. Kaka yangu mkubwa alikuja Krismasi na tukapigana kwa maneno siku nzima.

"Mwakani," anasema.

"Mwakani mama atakuwa wapi?"

"We dada unapenda kutabiri misiba. Paa jeupe, zuri, haliingizi tone. Nitaleta bati mwakani, nikipata nafasi."

Nikamleta fundi mimi mwenyewe, mtu mwaminifu. Alipanda ngazi, akashika pembe ya kigae cha chini, akakiinua kidogo. Pembe ikabaki mkononi. Akaitazama. Akashuka polepole sana, kama mtu aliyeona nyoka.

"Dada," akasema, "hiki si kigae. Hiki ni sahani. Mama ahame leo, mimi nitatafuta wenzangu tulishushe paa kwa kamba."

Mama alisikia. Na safari hii alikubali. Alikwishakunja shuka zake. Nawaambieni, alikwishakunja! Alikuwa anakuja kulala kwangu.

Mratibu akafika siku ileile. Sijui nani alimwambia, nadhani mwenyekiti. Hakunitazama mimi. Alimwamkia mama shikamoo ndefu, akaketi, akapokea mbege, pombe yetu ya ndizi, akasema, "Mama, umesikia wageni wanakuja? Wafadhili wenyewe, kutoka Ulaya. Wanataka kuona paa la kwanza. Nimewaambia ni la mama mmoja mcheshi, anapika mtori hakuna mfano. Sasa nasikia mnataka kulibomoa. Nitawaonyesha nini? Fito?"

Mama akanitazama. Nikasema, "Waonyeshe bati lako la Sanya Juu."

"Huyu binti yako ana hasira," akamwambia mama. "Ngojeni wageni wapite tu. Wakishaondoka, mimi mwenyewe nitaleta mafundi."

Mama alikuwa mtu wa kale. Mgeni akitajwa, kila kitu kinasimama. Akazikunjua shuka zake. "Wageni wakipita," akaniambia. "Usinitie aibu, mwanangu."

Wageni walikuja, wakala mtori, wakapiga picha paa jeupe na mama yuko mlangoni na kitenge kipya. Mmoja akapanda ngazi akagusa kigae kwa kiganja, taratibu, kama unavyogusa shavu la mtoto, akasema kitu, wenzake wakaitikia kwa vichwa. Wakaondoka. Mafundi wa mratibu hawakuja. Fundi wangu wa kwanza alikuwa amepata kazi Rombo, na wengine niliowafuata waliogopa kugusa kitu cha mradi. Masika yakaanza.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, ikakata, likatoka jua kali la ghafla, migomba yote inatoa mvuke. Nilikuwa nimempelekea mama uji. Nilikuwa kizingitini, mguu mmoja ndani, namwambia leo unahama hata kwa kubebwa. Yeye amekaa kitandani anafunga kilemba.

"Ngoja nimalize uji," akasema.

Kigae hakikulia kwa kishindo mwanzo. Kililia tik, kama yai likigongwa ukingo wa bakuli. Nikainua macho. Kigae cha katikati kilikuwa kimekatika mstari mmoja ulionyooka, na hakuna uzi hata mmoja uliokishikilia. Kikaondoka. Kilipoondoka kikavuta cha jirani, na cha jirani kikavuta kingine. Saruji haina huruma ya kushuka moja moja. Mimi ilinikuta nyonga na mguu, nikabanwa kizingitini. Mama ilimkuta pale alipokaa. Nilimwita. Nilikuwa namwona mkono tu, umeshika ncha ya kilemba. Majirani walipofika kututoa mkono ulikuwa umeshaachia.

Karibu na uso wangu kulikuwa na kipande. Nililala nakitazama kwa muda wote ule. Pale kilipokatika, nyuzi zilikuwa zinaonekana, zimekatika laini usawa wa saruji, nyeupe tupu, kila kitundu kimejaa.

Nilitolewa hospitali kwa muda mfupi nimzike mama kwenye kihamba chake, shamba la migomba la nyumbani, nimelazwa juu ya godoro uani. Hapo ndipo nilipozisikia zile hotuba za mvua na za Mungu, ya kwanza ya mvua ikiwa ya mratibu.

Na baada ya mazishi akanijia mratibu huyohuyo. Hakuwa na kofia. Alikuja na jani la sale limefungwa fundo, na nyuma yake mwenyekiti na wazee wengine. Asiye wa kwetu aelewe: ukiletewa jani la sale, aliyekukosea anaomba msamaha, na huku mlimani halikataliwi. Watu wamesamehe damu kwa jani hilo.

Akainama, akanyoosha jani. "Dada, nimekuja kuomba msamaha."

"Wa nini?" nikauliza.

"Kwa yote."

"Yote ndiyo nini?"

"Kwa yaliyotokea."

"Kilichotokea umesema mwenyewe ni mvua. Mvua ndiyo imekutuma?"

Mtu mmoja akaguna. Mwenyekiti akasogea. "Binti, sale halikataliwi. Unajua."

"Sijalikataa, baba. Nasubiri kosa. Huku kwetu mtu anakuja na sale na kosa. Yeye ameleta jani, kosa amelisahau nyumbani. Aseme: nilijua vigae vinakufa, nikagawa chokaa. Aseme maneno hayo tu, hapa, mbele ya hawa wote ambao wanarudi kulala chini ya vigae. Nitalipokea jani na nitalitia kwenye biblia ya mama."

Alikuwa na nafasi. Nilimwona anaitazama ile nafasi. Macho yake yalizunguka uani, yakawaona akina mama waliokuwa wanavuruga saruji, yakawaona wenye mapaa meupe. Halafu akasema, "Dada yuko kwenye uchungu. Tumwache apumzike." Akaweka jani juu ya godoro, karibu na mguu wangu uliofungwa, akaondoka.

Sikuligusa. Mpaka leo huku kwetu wapo wanaonitaja kwa hilo, mwanamke aliyekataa sale, kana kwamba mimi ndiye niliyeua. Watoto wa shangazi hawaniachii kiti harusini. Mratibu aligombea udiwani na akapita.

Lakini uani pale watu walikuwa wameona. Msomi hakuwaambia, mradi haukuwaambia, ila walimwona mtu mzima anashindwa kutamka sentensi moja, na hilo liliwatosha. Wiki ileile, kimyakimya, kila mmoja kana kwamba kajifikiria mwenyewe, wakaanza kushusha. Unasikia huku nyundo, kule nyundo, vigae vinavunjwa. Wengine wakarudisha nyasi, wengine wakatandika turubai mpaka ndugu wa Dar walete bati.

Mwenyekiti naye. Nilipoanza kutembea kwa gongo nilipita kwake, nikamkuta amekaa chini ya turubai la bluu, mvua inapiga juu yake kama ngoma, nguzo za nyumba zinaonekana kama mbavu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Bado una kosa, wewe. Sale halikataliwi."

"Sawa, baba. Ukiwa hapo chini ya turubai unalala?"

Akalitazama lile turubai lililojaa maji, limening'inia tumbo. Akachukua fimbo yake, akalisukuma kwa chini, maji yakamwagika uani.

"Nalala," akasema, na akanionyesha pa kukaa.

Sikukaa.